Re: Bi mkubwa kavunjika nyonga, apasuliwe au tumwache?

Pole sana mkuu. Unauliza kama bi mkubwa wa miaka 78 apasuliwe au alale tu mpaka mfupa uunge wenyewe. Kama daktari kasema moyo na presha vinaruhusu msichelewe, ndani ya siku 2 hivi ndo vizuri, maana wazee wengi hawauliwi na mfupa wenyewe ni kule kulala, nimonia, damu kuganda miguuni, vidonda vya makalio. Mamdogo wangu naye alipasuliwa nyonga, kesho yake tu fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) kamsimamisha na woka, kile chuma cha kushikilia ukitembea, hatua nne jasho linamtoka anatutukana wote 😂. Bi mkubwa akishapasuliwa, usiku akianza kuongea vitu havieleweki msiseme karogwa, iteni nesi. Na ulizieni dawa ya kuimarisha mifupa kabla hamjaruhusiwa, hiyo inasahaulika sana.