Ukisoma Jane Austen usiruke zile "elfu"

Nyie mnaoanza fasihi ya Kiingereza mwaka huu na mmepangiwa riwaya za Jane Austen, nawaambia mapema kabla hamjafika mbali, msiruke namba. Nimewafundisha wengi sana, wakikutana na pauni elfu kadhaa wanapita tu wanakimbilia nani anampenda nani, kumbe majibu yako humo humo kwenye elfu.

Kwanza jueni elfu zenyewe ni za aina mbili. Kwenye Pride and Prejudice (1813) mwanaume mara nyingi anatajwa kwa kinachoingia kwa mwaka, yule bwana tajiri Darcy elfu 10, Mr Bennet mwenye mabinti watano elfu 2. Mwanamke anatajwa kwa fungu zima alilowekewa, Georgiana mdogo wake Darcy ana elfu 30. Ukisoma haraka unaona dada kamzidi kaka mara tatu, wapi! Fungu kama lile lilikuwa linazaa asilimia 4 au 5 kwa mwaka, mara nyingi limewekwa kwenye hatifungani za serikali, kwa hiyo elfu 30 yake ni kama 1,200 mpaka 1,500 kwa mwaka. Kuhakiki chukua Bingley, rafiki yake Darcy, kaachiwa na baba yake karibu laki moja na watu wanasema ana elfu 4 au 5 kwa mwaka, piga hesabu uone inavyokubali. Hiyo asilimia iandike kwa penseli pembeni ya ukurasa wa kwanza, utairudia sana.

Collins, jamaa wa Mr Bennet, anapomposa Elizabeth binti wa Mr Bennet anamkumbusha kabisa kwamba fungu lake ni elfu 1 tu, kwa asilimia 4, tena halipati mpaka mama yake afariki. Yaani pauni 40 kwa mwaka! Elizabeth analijua hilo na bado anakataa, na ukishaipata hiyo 40 ndo unaona kataa lile lilikuwa zito kiasi gani.

Ila mahali ninapopapenda kuliko kote ni Sense and Sensibility (1811), sura ya 2. John Dashwood kamuahidi baba yake aliyekuwa anakata roho kwamba atawasaidia mama wa kambo na wadogo zake watatu, anapanga elfu 3, kila binti elfu yake. Mkewe Fanny anaanza kuongea naye taratibu. Elfu 3 inakuwa mia 5 kila mmoja, halafu inakuwa mia moja kwa mwaka kwa mama yao, Fanny anasema je akiishi miaka 15 si tutakuwa tumeliwa, basi inashuka kuwa hamsini mara moja moja, mwisho kabisa ni kuwasaidia kuhama na kuwapelekea samaki na nyama ya mawindo msimu ukifika. Hakuna anayegomba wala kutukana. Isomeni kwa sauti wawili wawili, msikie namba zinavyoteremka na kila hatua mume anaona mke wake ana busara.

Halafu rudini kwa Mr Bennet anapoletewa masharti ya Wickham, askari aliyetoroka na binti yake Lydia, ili amuoe, mia moja tu kwa mwaka wakati baba yu hai pamoja na fungu dogo baadaye. Anajua palepale haiwezekani, anasema Wickham ni mjinga kama anamchukua kwa pungufu ya elfu 10, kwa hiyo lazima kuna mtu kalipa. Anadhani ni shemeji yake Gardiner, kumbe ni Darcy, na msomaji aliyekuwa anaruka namba anafika hapo haelewi kabisa kwa nini mzee kanywea vile.