Maswali ya Wasomaji: Je, Burnout 3 Bado Inafaa?

SWALI: Mhariri, kaka yangu ameniachia PlayStation 2 pamoja na mchezo wa video wa mbio za magari, Burnout 3: Takedown. Je, unastahili muda wangu, au umepitwa na wakati? – Msomaji, Tanga

JIBU: Unastahili, ndugu msomaji, mradi usitarajie udereva wa kweli. Mchezo huu, uliotengenezwa na kampuni ya Criterion ya Uingereza na kutolewa mwaka 2004, umezipindua kanuni zote za barabarani: ukiendesha upande usio wako, ukiponea chupuchupu kugongana na magari yanayokuja, au ukimsukuma mpinzani ukutani, unapata nguvu ya ziada ya kuongeza mwendo. Kinachonivutia zaidi ni kwamba hata ukigonga hujashindwa, kwa kuwa unaweza kupunguza kasi ya picha na kulielekeza gari lako lililopondeka likawazuie wanaokufuata. Michezo mingi huadhibu ajali. Huu umeifanya silaha.

Kasoro zipo. Wapinzani hawaachwi mbali hata ukiendesha kwa ustadi, kwani programu huwasaidia wakufikie, na hivyo mizunguko ya mwanzo hukosa uzito. Magari yote ni ya kubuni, jambo litakalomsikitisha mpenzi wa magari halisi, na mtangazaji wa redio ya mchezoni (samahani kwa wanaompenda) hanyamazi. Anza na sehemu ya kusababisha ajali kwenye makutano, ambako alama huhesabiwa kwa dola za hasara.