Outlook ya zamani kwenye Windows mpya, usiifute kwanza

Mtu akishahamia Windows 10 au 11 na Outlook yake (programu ya imeili ya Microsoft) ya 2007 au 2010, ikigoma kidogo tu utasikia "programu imekufa hii". Mimi mashine za hivi nazishika sana, za ofisi ndogondogo na za wazee wasiotaka hata kusikia habari ya kujifunza programu nyingine, na mara nyingi haijafa bwana, shida iko pembeni.

Iliyo maarufu ni hii: umeapgredi Windows, imeili zinaingia fresh, ila ukituma zinakwama Outbox (folda ya zinazosubiri kutoka) na inatoka meseji yenye namba 0x800CCC13. Hapo watu wanabadilisha paswedi, mara wanafuta akaunti, mara wanagombana na watu wa intaneti bure. Kumbe mara nyingi ni mafaili ya Windows yenyewe yamevurugika wakati wa kuapgredi. Nenda Start tafuta cmd, bofya kulia uchague Run as administrator, andika sfc /scannow (acha nafasi kabla ya ule mkwaju), gonga Enter halafu kanywe chai, maana asilimia zinaweza kusimama palepale muda mrefu ukadhani imeganda, we usifunge. Ikimaliza zima uwashe.

Ya pili, paswedi. Unaandika sahihi kabisa inauliza tena, unaandika inauliza tena. Kama ni Gmail, tangu 30 Mei 2022 Google walianza kuzuia programu zinazoingia kwa paswedi ya kawaida, kwa hiyo washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yako ya Google, kisha tengeneza paswedi ya programu, ile ya herufi 16, ndiyo uiweke kwenye Outlook. Hotmail na Outlook.com hapana, huko tangu 16 Septemba 2024 wanataka mfumo wa kuingia ambao hizi za zamani hazina, usijitese, weka Thunderbird, programu nyingine ya imeili.

Sasa PST, na hapa ndo naomba unisikilize. Hilo faili ndo barua zako zote, na Outlook 2010 kwa kawaida inaliweka ndani ya Documents, folda ya Outlook Files. Windows mpya nayo inapenda kuikabidhi Documents kwa OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni. Kila imeili ikiingia faili linabadilika, OneDrive inataka kulipandisha upya, na kama una faili la GB 6 na unatumia bando la simu utajua mwenyewe salio limeenda wapi. Funga Outlook, kopi faili kwenye diski ya nje, kisha lihamishie kwenye folda kama C:\Barua. Ukifungua Outlook italalamika halioni faili, usiogope, ionyeshe lilipo basi.

Ila tusidanganyane, 2007 iliacha kupewa apudeti za usalama Oktoba 2017 na 2010 Oktoba 2020. Ndo maana mimi nawaachia watu ibaki kabati la barua za zamani tu, mpya zote na atachimenti zinafunguliwa kwingine.

Na PST ikigoma kufunguka kuna kifaa cha kulirekebisha kinaitwa scanpst, kwa 2007 kipo folda ya Office12, kwa 2010 Office14. Kiendeshe kwenye kopi, lile faili lenyewe liache.