Krisanthemamu yangu haichanui, nimeambiwa ina njaa

SWALI: Shikamoo bibi shamba. Nipo Leicester, Uingereza. Kila Septemba mimi na wanangu tunayakaribisha majira ya mapukutiko kwa namna yetu: tunajaza sinia la maua mezani, watoto wanachora, halafu kila mmoja anatunga ubeti wa Kiswahili, mimi nawasaidia vina. Ua letu kubwa ni krisanthemamu ya njano niliyoipanda mbele ya nyumba, huu ni mwaka wake wa tatu. Mwaka huu imestawi kupita kiasi, imenifika kiunoni, majani ya kijani kibichi, ila maua hakuna. Kuna matumba machache tu upande uliofichwa na pipa la taka. Ya jirani yameshaanza kufunguka. Shoga yangu anasema bado haijapata baridi ya kutosha. Muuzaji mmoja wa mtandaoni, Mswahili mwenzetu, kasema ina njaa, akaniuzia busta ya maua. Chupa ina picha ya ua na namba 30-10-10. Nimeshapulizia mara mbili. Kipya kingine ni taa ya usalama tuliyofunga Juni baada ya baiskeli kuibwa, lakini hiyo haiwaki usiku kucha, inawaka kitu kikipita tu. Niongeze dozi?
Mama wa watatu, Leicester

JIBU: Marahaba, mama. Dozi usiongeze. Funga hiyo chupa, iweke mahali watoto hawafiki, na leo jioni zima taa.

Swali lako umelijibu mwenyewe ulipotaja pipa la taka, ukapita haraka kana kwamba si kitu. Mmea mmoja, udongo mmoja, busta imepuliziwa pande zote, halafu matumba yanatokea pale tu ambapo pipa linaziba mwanga. Njaa gani hiyo inayochagua upande?

Toka nje mchana ukakague ncha za matawi. Chukua tawi lililo mkabala na taa, ufungue kilele chake kwa ukucha, jani baada ya jani. Ukikuta vijani vimekunjana mpaka ndani kabisa, hilo bado linaota majani tu. Kisha chukua la upande wa pipa. Katikati utakuta kidude cha mviringo, kigumu, kama kichwa cha pini. Hilo ndilo tumba. Halafu angalia kama kuna matawi ambayo majani yake ya juu yamekuwa membamba na marefu, hayana ile mikato ya pembeni ambayo jani la krisanthemamu huwa nayo. Hapo tumba lilianza, likakatizwa. Sisi tukiyaona majani hayo kitaluni hatuendi stoo ya mbolea. Tunamtafuta fundi umeme.

Krisanthemamu ya aina yako hufuata urefu wa usiku. Giza likifika kiasi cha saa 10 na nusu mfululizo, ndipo mmea unapoacha majani na kuanza maua. Huko kwenu mwezi wa Juni mchana unakaribia saa 17, kwa hiyo giza halitoshi kabisa. Mwishoni mwa Agosti mambo yanageuka, Septemba mchana unapungua karibu dakika 4 kila siku, na ikifika tarehe 22 au 23 mchana na usiku vinakaribia kulingana. Mmea wako ulikuwa unasubiri hilo tangu masika ya huko. Mkaufungia taa.

Jambo hili si siri ya wataalamu. Mwaka 1920 watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Garner na Allard, walichapisha kazi yao juu ya tumbaku iliyokuwa ikirefuka kiangazi kizima bila kutoa ua. Hawakukurupuka, walipima joto, unyevu na rutuba ya udongo, vyote wakaviondoa kwenye orodha. Walipoanza kuiingiza kwenye kibanda cha giza kila siku alasiri na kuitoa asubuhi, ikachanua. Mwaka 1938 Hamner na Bonner wakaonyesha kwa mmea mwingine kwamba kinachohesabika hasa ni usiku: ukimulika katikati ya giza, hesabu inavurugika. Zaidi ya miaka mia imepita na bado mtu anauziwa chupa.

Sasa hoja yako kwamba taa haiwaki usiku kucha. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Huku Arusha yapo mashamba yanayozalisha vipandikizi vya krisanthemamu kwa ajili ya Ulaya. Kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Hata Dar es Salaam tofauti ya siku ndefu na siku fupi haifiki saa moja. Maana yake mimea mama ikiachwa hivihivi itachanua, na kipandikizi chenye tumba ni hasara, kinatupwa. Kwa hiyo usiku wa manane tunawasha taa juu ya matuta. Wapita njia hudhani ni ulinzi. Na ili kupunguza bili ya umeme, taa hizo si lazima ziwake mfululizo: zinawaka dakika chache, zinazimika, zinawaka tena, kwa saa kadhaa. Inatosha kabisa kuzuia maua. Taa yako ya kuhisi mwendo, kila apitapo paka, mbweha au mlevi wa Ijumaa, inafanya kazi ileile tunayolipia sisi. Tofauti ni kwamba sisi hatutaki maua.

Shoga yako naye msimlaumu sana. Baridi ina mimea yake. Pareto, ndugu wa krisanthemamu, anataka ubaridi ndipo atoe maua vizuri, ndiyo maana utamkuta Njombe, Mbeya na Molo, hutamkuta Tanga mjini. Lakini huyu wako anadai giza. Kuhusu jirani, huenda ana aina ya mapema isiyojali sana urefu wa siku, au hana taa, au kanunua dukani mwezi huu huu ikiwa tayari na maua. Hizo za dukani zimefunikwa vitambaa vyeusi kitaluni kwa ratiba, na nyingi zimepuliziwa dawa ya kuzifupisha. Usizifanye kipimo cha chochote.

La kufanya: taa igeuzeni imulike njia tu, au mmea uhame. Mimi ningeuhamisha. Mizizi ya krisanthemamu haiendi chini sana, inavumilia kuhamishwa hata ikiwa na matumba, mradi uing'oe na bonge kubwa la udongo na uimwagilie siku moja kabla. Itie kwenye chungu kipana, ipeleke nyuma ya nyumba ambako hakuna taa yako wala ya barabarani. Ikishindikana, ifunike kwa boksi kubwa la karatasi ngumu kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi, kila siku bila kuruka. Ukiruka usiku wa Jumamosi kwa sababu ya wageni, umerudisha kazi nyuma. Usikate ncha sasa. Kukata ncha mwisho ni mwanzo wa Julai. Aina nyingi za bustani huhitaji wiki 6 hadi 8 tangu usiku mrefu uanze, kwa hiyo hesabu Novemba, nawe Novemba una sakitu. Ndiyo maana nimesema chungu: usiku wa baridi kali utaiingiza kwenye kibanda au baraza lisilo na hita wala taa.

Kwa sinia la mwezi huu msiingoje. Dalia ziko kwenye kilele chake, asta zinaanza, anemoni za Kijapani zipo, sedamu zinageuka rangi. Dalia kata zilizokwisha kufunguka, maana tumba lake likishakatwa mara nyingi halifunguki kwenye maji. Kazi za watoto nazipenda, ila ningewaongezea moja: kila Jumamosi wachore ncha ileile ya tawi, moja la upande wa taa na moja la upande wa pipa, waandike tarehe. Mtoto akichora analazimika kuhesabu majani, na hapo ataona kitu ambacho mama yake amepishana nacho kila asubuhi akienda kazini. Ubeti utakuja wenyewe. Wachina na Wajapani wana sikukuu ya ua hili, siku ya tisa ya mwezi wa tisa, na washairi wao wamelitungia kwa karne nyingi bila busta.

Nirudi kwenye chupa, kwa sababu barua yako si ya kwanza na haitakuwa ya mwisho. Ule mzizi wa uongo ni mmoja: ua lisipochanua, lina njaa. Mmea uliokufika kiunoni na kukolea kijani una njaa ya nini? Namba ya kwanza kwenye chupa ni naitrojeni, na 30 ni nyingi. Naitrojeni inakuza majani na kuchelewesha maua. Umenunua kinyume cha ulichotaka, chenye picha ya ulichotaka. Wapo watakaokwambia basi chukua ile 10-52-10. Namba ya pili ni fosforasi, na fosforasi ya ziada haifungui ua. Udongo wa bustani nyingi unayo ya kutosha, na ikizidi inazuia mizizi kupata madini ya chuma. Wengine wanauza gibereli kwa jina la homoni ya maua. Kwenye krisanthemamu gibereli inarefusha shina. Halafu kuna maji ya mchele, soda na maganda ya ndizi, ambayo angalau hayakugharimu.

Na huku nyumbani ni hivyohivyo. Mtu ana pasheni isiyozaa, mwembe usiotoa maua, waridi lililonyamaza. Kabla hajauliza mmea unataka jua kiasi gani, ulikatwa lini, una umri gani, keshapewa chupa. Muuza pembejeo hakuuliza hata jina la mmea.

Tazama pia wakati wanaouza. Matangazo yanachachamaa Agosti na Septemba, "pulizia leo, maua ndani ya mwezi". Usiku unarefuka wenyewe mwezi huo, mimea inachanua yenyewe, wateja wanatuma picha za furaha, muuzaji anazibandika ukurasani. Mwombe akuonyeshe krisanthemamu ya aina kama yako, iliyopandwa nje huko Leicester bila kufunikwa, iliyochanuliwa na dawa yake mwezi wa Juni. Akikosa, dai hela yako.