Ganda la .257 Ackley likikatika, chunguza chemba kabla ya kulaumu risasi

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema uko Texas, umenunua bunduki iliyotumika ya .257 Roberts, aina moja ya risasi, ambayo chemba yake (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) ilichongwa upya kuwa Ackley, umbo nitakalolieleza hapo chini. Ukapiga boksi moja la risasi 20 za kiwandani ili maganda yachukue umbo jipya. Sasa maganda saba yana mstari unaong'aa karibu na kitako, na moja limekatika, nusu ikabaki ndani. Unauliza kama lile boksi lilikuwa bovu. Hapana, risasi hazina kosa. Iweke hiyo bunduki kabatini mpaka umalize kusoma hapa, maana yaliyokukuta yalinikuta na mimi mwaka 2016 nikiwa huku Wyoming.

Kwa wanaosoma wakiwa Dar, Nairobi au Kampala: huku Marekani mtu anaruhusiwa kujitengenezea risasi za matumizi yake mwenyewe, asiziuze. Nyumbani sheria za silaha ni kali. Bila kibali usithubutu kujaza hata moja.

Turudi kwenye bunduki. Nilikuwa uwanja wa shabaha, risasi ya kumi na moja. Mlio ulikuwa wa kawaida kabisa. Nikavuta bolti, kikatoka kipande kifupi cha shaba, urefu wake kama ncha ya kidole gumba, kimekatika mzunguko mzima kama kilichopitishwa msumeno. Nikachukua risasi nyingine, ikagoma kuingia. Nikamulika tochi ndani ya chemba, nikaona ganda lililobaki limelala mle kama mrija. Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu ufundi wa mashine, ndiye aliyelitoa. Alichukua brashi ya shaba kubwa kuliko mtutu wenyewe, akaisukuma kutoka nyuma mpaka nywele zake zikapita shingo ya ganda, kisha akaivuta. Likaja lote. Akaligeuza kwenye mwanga, akaniuliza swali moja tu: "Aliyechonga chemba hii, mtutu aliurudisha nyuma?"

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Risasi za aina hii Wamarekani huziita paka-mwitu, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachozitoa. Unachukua ganda linalojulikana, unalibadilisha umbo. Parker Ackley, fundi bunduki aliyefanya kazi Trinidad, Colorado, na baadaye Salt Lake City, alikuwa na mtindo wake: mwili wa ganda unanyooshwa usichongoke sana, na bega, ambalo kwenye Roberts ya kawaida halifiki nyuzi 21, linasimamishwa hadi nyuzi 40. Baruti inapata nafasi zaidi kidogo, na ganda halirefuki ovyo kila unapopiga. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba risasi ya kawaida ya kiwandani unaweza kuipiga humo humo, ganda likatoka na umbo jipya. Ni kulifinyanga ganda kwa moto.

Ila kuna sharti. Ganda la kiwandani likiwa kwenye chemba ya Ackley, mwili wake haugusi kuta na bega lake linaning'inia hewani. Linaposhikwa ni sehemu moja tu, pale bega linapokutana na shingo. Kwa hiyo fundi lazima aikate chemba iwe fupi kuliko ile ya awali kwa inchi 0.004, kama unene wa karatasi moja ya fotokopi. Bolti ikifungwa inalibana ganda, haliendi mbele wala nyuma. Kuupata ufupi huo kwenye mtutu wa zamani, fundi anaufungua, anaukata kwa nyuma na kuufunga upya. Ni kazi ya saa kadhaa. Aliyeichonga bunduki yangu aliiruka kazi hiyo: aliingiza kisu chake kwenye chemba ya zamani, akazungusha, akamaliza.

Sasa angalia kinachotokea. Pini inapopiga fataki (kile kidude cha kitakoni kinachoiwasha baruti), ganda linasukumwa mbele mpaka ligonge mahali. Baruti inawaka, kuta nyembamba za mbele zinavimba na kuishika chemba. Kitako ni kinene, hakijashika kitu, kwa hiyo kinarudi nyuma kuufuata uso wa bolti. Huku mbele pameshikwa, kule nyuma panavutwa, na shaba ya katikati inanyumbuka na kuwa nyembamba. Ule mstari unaong'aa ndiyo hapo. Ganda moja likinyumbuka kupita kiasi linakatika, na ukiwa na bahati mbaya gesi inakurudia usoni. Nakusihi uvae miwani ya kinga kila siku unayopiga.

Ndani ya ganda mstari huo huonekana mapema kuliko nje. Chukua kibanio cha karatasi cha waya, kinyooshe, ikunje ncha yake kidogo na uinoe kwa tupa. Ingiza mpaka kitakoni, kisha pandisha taratibu ukikwaruza ukuta. Ganda zima utalisikia laini toka chini mpaka juu. Ganda lililonyumbuka, ncha itadumbukia kwenye kamtaro. Ukikasikia, hata kwa mbali, liponde kwa nyundo lisirudi tena kwenye sanduku. Yako yale saba usihangaike kuyapima, yaponde. Haya kumi na mawili yaliyobaki yapitishe kwenye waya moja moja.

Kuijua chemba, tengeneza risasi bandia: ganda jipya la kiwandani lenye kichwa (kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha), halina fataki wala baruti. Toa pini na springi yake kwenye bolti ili mkono wako usikie ukweli, kisha ifunge kwa vidole viwili. Chemba iliyokatwa vizuri, bolti inashuka na mwishoni inakaza kidogo. Yangu ilidondoka yenyewe. Nikabandika kipande cha utepe wa gundi kwenye kitako cha ganda, ikadondoka. Nikaongeza cha pili, bado. Cha tatu ndipo ikaanza kukaza.

Ushauri wangu wa kwanza ni umpelekee fundi mwingine aurudishe mtutu nyuma. Mimi nilifanya hivyo mwaka uliofuata na sijajuta, kwa sababu bunduki huishi kuliko mwenyewe, na siku moja mtu asiyejua historia yake ataitia risasi za dukani.

Lakini hata kabla ya hapo nilipata maganda mazima kwa njia ya bega la uongo, yaani kulitengenezea ganda bega dogo la muda la kulishikilia, na mpaka leo ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Roberts ilizaliwa kwenye ganda la Mauser la 7x57 la mwaka 1892. Remington ndio walioiingiza sokoni mwaka 1934. Ganda hilo la 7x57 ndilo Waingereza waliloliita .275 Rigby, na ndilo mwindaji W. D. M. Bell aliloangushia tembo wengi kule Karamoja, Uganda, mpaka jina la mkoa likawa lake. Nililipenda ganda hili zaidi nilipojua kwamba lilishatembea kwetu.

Shingo ya 7x57 ni pana kuliko ya .257. Ukilipaka mafuta ya kubania na kuliingiza kwenye kalibu ya .257 Ackley (chuma chenye tundu la umbo la ganda, kinachofungwa kwenye mashine ya kubania) kidogo kidogo, kalibu inaibana shingo kuanzia mdomoni kwenda chini. Usiibane yote. Kila ukiishusha kalibu robo mzunguko, toa ganda, lipanguse, lijaribu kwenye bunduki. Mwanzo bolti itakataa kabisa. Mahali inapokubali kufunga kwa kukaza kidogo, simama hapo na ufunge nati ya kalibu. Ukilitazama ganda utaona kangazi chini ya shingo, kama pete. Kangazi hako ndiko kanakolibana ganda na bolti lisicheze, hata kama chemba ni ndefu.

Shaba iliyobanwa hivyo inakuwa ngumu. Mimi huilainisha shingo kabla ya kubana, kwa moto mdogo wa gesi, ganda likizunguka mkononi nimelishika kitakoni. Vidole vikianza kuungua, naliachia. Kitako kisipate moto hata siku moja, maana kikilainika hakuna kitakachoizuia gesi. Mwaka wa kwanza nilidharau hatua hii, na katika maganda 40 sita yalipasuka shingo.

Jambo jingine linalosahaulika: ukiibana shingo, unene wake unaongezeka. Ganda lililokwisha kupigwa, jaribu kutia kichwa kipya mdomoni kwa mkono. Kikiingia huru, vizuri. Kikigoma, shingo ni nene kuliko nafasi ya chemba, haitaweza kukiachia kichwa, na presha itapanda vibaya. Hapo shingo inyolewe kwanza, usipige.

Kiasi cha baruti siandiki hapa kwa makusudi. Chukua kitabu cha kiwanda kilichotengeneza baruti yako. Kwa kufinyanga mimi hutumia kiasi cha katikati cha Roberts ya kawaida. Wengi hupunguza sana wakidhani ni usalama. Risasi dhaifu haisukumi bega mpaka kona, na ganda linatoka na mabega ya mviringo. Wapo wanaofinyanga bila kichwa, kwa baruti kidogo ya bastola na chenga za ngano juu yake, ili wasiuchoshe mtutu. Nilijaribu, bega halikukaa sawa, nikaacha. Napendelea kupiga karatasi kwa kichwa cha kawaida, napata ganda na mazoezi pia.

Na mafuta ya kubania yafute yote, kwenye ganda na kwenye chemba. Ganda lenye mafuta halishiki ukuta, mzigo wote unakwenda kwenye bolti.

Usishangae ganda likitoka fupi kuliko lilivyoingia. Shaba imekwenda pembeni kujaza bega. Nami sikati urefu mpaka ganda liwe limepigwa mara ya kwanza. Kipimo cha mwisho cha Roberts ni inchi 2.233. Kwenye sanduku andika kwa kalamu nene .257 Ackley, kwa sababu mhuri wa kitakoni utaendelea kusema 7x57.

Ukishaijaribu ile risasi bandia, rudi hapa utuambie bolti imefunga vipi na vipande vingapi vya utepe wa gundi vimeingia. Tutajua chemba yako imezidi kiasi gani kabla hujampigia fundi.