Sailensi Ikicheza, Acheni Skrubu ya Throto

Wanangu mnaoanza kazi, juzi asubuhi, kwenye baridi ya hapa Mwanjelwa, Mbeya, nilimkuta kijana wa gereji yetu ameinamia Corolla yenye injini ya 5A-FE na bisibisi mkononi, akikaza skrubu ya throto, kile kilango kinachopitisha hewa kwenda kwenye injini, ili gari liache kutetemeka. Nilimnyang'anya bisibisi kwa ukali asioustahili, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi kabla yake.

1. Isikilizeni injini kwanza. Ikimisi, yaani silinda moja haiwaki, kwa mpigo uleule, chomoeni waya za plagi mmoja mmoja kwa koleo yenye mpira: silinda isiyobadilisha mlio ndiyo yenye ugonjwa. Sailensi, yaani mzunguko wa injini pedali isipokanyagwa, ikipanda na kushuka kama inahema, tafuteni hewa ya wizi, ile inayoingia kupitia ufa bila kupita njia yake.

2. Skrubu ya throto haiguswi. Mteja wangu alikuwa mwalimu mstaafu wa Tukuyu, mwenye Camry yenye injini ya 3S-FE, ya zile za zamani zenye mita ya kupima hewa inayoingia, iliyotaka kuzimika kila aliposimama. Nilibadilisha plagi, kisha waya, kisha kifuniko cha distribyuta, na kila mara nilimhakikishia kwamba limepona, naye akarudi baada ya siku chache na kulipa tena bila kunung'unika. Mara ya nne sikuwa na spea nyingine ya kumtajia, nikaona haya kukiri, nikakaza skrubu ile mpaka mtetemo ukafunikwa, nikamkabidhi ufunguo. Sikujua kwamba ndani ya sensa ya throto kuna swichi inayoiarifu kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, kuwa throto imefungwa. Throto ikiinuliwa kwa skrubu, swichi haigusi tena, kontrolboksi inaacha kuitawala sailensi, na haikati mafuta dereva anapoachia pedali mteremkoni. Mwalimu aliposhuka kutoka Isongole, injini haikumsaidia kulizuia gari kama alivyozoea, akashika breki njia nzima hadi zikanuka na pedali ikalegea. Alifanikiwa kusimama kando ya barabara, akanipigia simu na kuniuliza kwa upole, "Fundi, umegusa nini safari hii?" Nilimfuata kwa basi dogo, na njia nzima sikuweza kuzungumza na mtu. Nilipopitisha vidole chini ya mpira unaotoka kwenye vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa injini, kwenda kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayogawia silinda hewa, nikakuta umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Injini ilikuwa ikivuta hewa ambayo mita haikuihesabu, na kipande cha mpira kingeimaliza kazi siku ya kwanza. Nilimrudishia fedha zote za spea, lakini bado naisikia sauti yake.

3. Msiwatolee wateja themostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto. Kwenye baridi yetu ya Juni na Julai injini haifiki joto lake, kontrolboksi inaendelea kumimina mafuta mengi, na plagi zinajaa masizi.

4. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi, hupungua karibu inchi 1 ya zebaki kwa kila mita 300, hivyo injini isiyo na ubovu inayosoma 19 Dar es Salaam itasoma 13 au 14 hapa. Msiihukumu kwamba ringi za pistoni zimekwisha.

Corolla ya juzi ilisoma 14, sindano imetulia. Tulipofungua nyumba ya themostati tuliikuta tupu. Kijana ameweka mpya, amesafisha plagi, na skrubu ameirudisha mwenyewe, akipima swichi kwa mita ya umeme huku nimesimama pembeni.