Mbwa mmoja amegoma: nitalinganishaje mbinu mbili?

SWALI: Nimewafundisha mbwa 12 amri ya "keti", kila mmoja peke yake. Sita niliwaongoza kwa kipande cha nyama nilichokipitisha juu ya pua. Sita wengine niliwakandamiza kiuno kwa mkono. Nilihesabu majaribio hadi mbwa atii mara 5 mfululizo. Kundi la nyama: 9, 11, 12, 14, 17, 21. Kundi la mkono: 14, 19, 23, 26, 30, na mmoja alifika 40 bila kuelewa, nikaacha. Nimwandikie 40 halafu nitafute wastani?

JIBU: La. Kwenye 40 ulichoka wewe. Mbwa alikuwa bado hajajifunza. Ukiiingiza kwenye wastani umebuni namba. Kumwondoa ni vibaya zaidi, maana kundi la mkono litaonekana bora kwa kufichiwa aliyeshindwa. Tumia kipimo cha takwimu cha Mann-Whitney, kinachojali nani kamtangulia nani, si kwa kiasi gani. Mgomaji wako anashika nafasi ya 12, basi.

Wapange wote 12 pamoja, kuanzia aliyewahi kuelewa. Wawili wa 14 wanagombea nafasi ya 4 na ya 5, kwa hiyo kila mmoja apewe 4.5. Anayefuata, wa 17, ni wa 6. Wengi huteleza hapa wakampa 5, na hesabu yote ikaharibika. Jumla ya nafasi za kundi la nyama ni 24.5, za mkono 53.5. Zote pamoja lazima zitimie 78, yaani 12 × 13 ÷ 2. Zisipotimia, kagua upya.

Kisha toa 21 (6 × 7 ÷ 2) katika kila jumla: unabaki na 3.5 na 32.5. Iliyo ndogo ndiyo U, namba ya kipimo hiki. Kwa makundi ya sita sita, kiwango cha 0.05 (bahati tupu itoe tofauti kama hii si zaidi ya mara 5 katika 100) cha pande mbili (bila kuamua mapema kundi lipi litashinda), jedwali la Mann-Whitney linaweka mpaka kwenye 5. Tofauti na vipimo vingi, hapa U ikiwa ndogo ndipo tofauti inapokuwa na uzito. Yako imo ndani ya mpaka, kwa hiyo ni vigumu kusema nyama imeshinda kwa bahati tu.

Ila je, makundi uliyagawa kwa kura? Kama wadogo wote waliangukia kwenye nyama, umepima umri. Na usirudie kwa mbwa watatu watatu: hata kundi moja likishinda lote, uwezekano wa bahati tupu kutoa matokeo hayo hushuka hadi 0.10 tu, haufiki 0.05 kamwe.